Mkono wa Chuma Usio na Macho

Labda umepata kusikia habari za roboti, ukadhani ni mtu wa chuma atembeaye kwa miguu. Sivyo zilivyo roboti za viwandani. Nyingi ni mkono mmoja tu, uliofungwa imara sakafuni. Una bega, kiwiko na kifundo kama mkono wako, na kila kiungo huzungushwa na mota yake. Mara nyingi viungo ni sita. Roboti ya kwanza ya viwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Kazi yake ilikuwa kutoa vyuma vya moto katika kalibu.

Mkono huo hujuaje njia? Fundi huufundisha. Huusogeza polepole toka mahali hata mahali, na mashine huweka kumbukumbu kila kiungo kimepinda kiasi gani.

Kazi ngumu imo katikati ya mahali hapo. Jaribu mwenyewe: nyosha mkono juu ya meza, uuzungushe kwa bega tu. Kidole kitachora upinde. Ukitaka mstari mnyofu, yakupasa kupinda bega na kiwiko pamoja, kila kimoja kwa kipimo chake. Kwa roboti, kompyuta hufanya hesabu hiyo mara nyingi katika kila sekunde. Tena hupanga mwendo: kuanza taratibu, kuongeza kasi, kisha kupunguza kabla ya kufika, kama mama aliyejitwika ndoo ya maji.

Lakini mkono haumwoni mtu ambaye mpango haukumfikiria. Tarehe 25 Januari 1979, huko Flat Rock, Michigan, kijana wa miaka 25 alipanda kwenye rafu za kiwanda kuchukua vyuma. Mkono wa mashine ukampiga kichwani, akafa. Mashine ikaendelea na kazi.

Ndiyo sababu leo roboti nyingi huzungushiwa ua, na mlango ukifunguliwa husimama. Nyingine zimetengenezwa zisimame mara zikimgusa mtu.

Wazazi, mtoto akiwauliza kama mashine inaweza kutenda dhambi, mwambieni hapana, kwa kuwa haina dhamiri. Dhamiri anayo yule aipangiaye njia, na kabla ya kuiwasha yampasa kujiuliza: nani atapita hapa?