MIKONO SAFI HULINDA MTOTO MCHANGA

Watu wengi huuliza: "Tulimleta mtoto hospitalini apone, mbona amepata ugonjwa mwingine humo humo?" Ni swali la haki. Sikilizeni jibu lake.

Hospitalini hukutanika wagonjwa wengi, na vidudu vya magonjwa yao hukutanika pia. Macho hayavioni. Huchukuliwa hasa na mikono: mikono ya mganga, ya mwuguzi, ya mama, ya wageni.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana ngozi nyembamba, na mwili wake haujajua kupigana na ugonjwa. Tena ametiwa sindano mshipani na mpira wa maziwa puani. Hiyo yote ni milango ya vidudu. Vikiingia katika damu, mtoto aweza kufa upesi. Na vidudu vingine vya hospitalini vimezoea dawa, hata haziviui tena. Kwa hiyo kuzuia ni bora kuliko kutibu.

Fanya hivi:

1. Vua pete na saa. Nawa kwa maji na sabuni kabla ya kumgusa mtoto, na baadaye pia. Sugua katikati ya vidole na penye kucha, sekunde 40 mpaka 60.

2. Mwuguzi akisahau kunawa, mkumbushe kwa upole. Si kukosa adabu.

3. Mwenye mafua, kuhara au jipu asiingie.

4. Mpe mtoto maziwa yako. Yale ya kwanza, ya manjano, yana kinga, usiyamwage.

5. Mganga akikubali, mfunge mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Huko Bogotá, nchi ya Kolombia, masanduku ya joto yalikuwa machache, watoto wakilazwa pamoja na kuambukizana. Mwaka 1978 mganga Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka vifuani mwa mama zao. Leo njia hiyo yatumika katika nchi nyingi.

Mtoto akiacha kunyonya, akilegea, akiwa moto au baridi, akipumua mbio, au kitovu kikitoa usaha, mwite mwuguzi mara moja. Usingoje asubuhi.

Nawe bibi, ukizuiliwa mlangoni usidhani umedharauliwa. Mjukuu wako akitoka mzima, utampakata siku nyingi.