Sanduku la bibi na jua la Wetherill Park

Kama ulisikiliza kipindi chetu cha wiki hii, ulisikia mlio pale katikati, "tak!", halafu baba akanyamaza na mimi nikaanza kucheka. Wengi mmeuliza ulikuwa mlio wa nini. Ulikuwa ubao wa kabati unapasuka. Tulikuwa tunarekodi ndani ya ghala lake, na hadithi ya mlio ule ni ndefu kidogo, kwa hiyo nimeona niiandike huku.

Kwa wasiopajua, Wetherill Park ni mtaa wa viwanda na maghala magharibi mwa Sydney, upande wa Fairfield. Ukitaja Sydney, ndugu zetu wa nyumbani wanaona ufukwe na Opera House. Sisi tuliokulia huku tunaona mabati, malori na jua. Bahari iko mbali, na ule upepo wake unaowapoza watu wa Bondi huku kwetu unafika jioni, tena siku ukitaka. Si jangwa, lakini kiangazi upepo ukigeuka ukaja kutoka magharibi, unaleta hewa ya jangwani moja kwa moja. Tarehe 4 Januari 2020 Penrith, si mbali na hapa, ilifika nyuzi 48.9. Ndani ya ghala la mabati ilikuwaje, sisemi.

Siku ile ndiyo sanduku la bibi lilipopasuka.

Baba anauza vitu vya kale: masanduku, viti, madele ya kahawa, kandili, fremu za picha, santuri. Vingine vinatoka kwetu pwani, vingine anavinunua kwenye nyumba za wazee wa hapa. Hiyo ndiyo riziki iliyotusomesha. Sanduku la bibi lipo hapo hapo dukani lakini haliuzwi. Ni la msaji, lina njumu za shaba na droo tatu chini. Watu huyaita masanduku ya Zanzibar, ingawa mengi yalitengenezwa Bara Hindi yakaja kwa majahazi. Mteja akiuliza bei, baba hujibu, "Hilo lina mwenyewe."

Ujuzi uliosafiri bila kubadilika

Zanzibar adui wa mbao ni unyevu. Hewa kule mara nyingi ina unyevu wa asilimia 80 hivi. Kuna ukungu, kuna chumvi ya bahari, kuna mchwa na bungua. Ndiyo maana bibi alimfundisha baba mambo matatu: fungua madirisha upepo upite, anika juani, paka mafuta ya nazi. Kwa kule, alikuwa sahihi.

Baba akayaleta yote matatu hapa kama yalivyo. Kila asubuhi anapandisha mlango wa ghala mpaka juu. Kila Ijumaa ni mafuta ya nazi, na mimi mtoto nikishika kitambaa. Onyo la kwanza lilikuja tarehe 23 Septemba 2009, siku Sydney ilipoamka nyekundu. Dhoruba ya vumbi ilitoka maeneo makavu ya ndani ya nchi ikafunika mji mzima. Mlango ulikuwa wazi. Vumbi likanata kwenye mafuta, kila sanduku likawa kama limepakwa udongo. Tulisugua wiki mbili. Baba akasema ni mkosi tu.

Mti haujafa kabisa

Hili nililisoma baadaye, na ndilo lililonifungua macho. Ubao, hata ukiwa na miaka mia, bado unavuta na kutoa unyevu kulingana na hewa. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, ubao hutulia ukiwa na maji kiasi cha asilimia 16 ya uzito wa mti wenyewe ukiwa mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 30, ubao nao hushuka hadi kama 6. Na mchana wa upepo wa magharibi, hewa ya huku hushuka hata chini ya 20.

Ubao ukikauka hunywea upana, urefu haubadiliki sana. Sasa fikiria ubao mpana uliobanwa kwa misumari na mabamba ya shaba kila upande. Unataka kunywea, shaba haiuachii. Ndipo unapochanika. Kwa hiyo joto peke yake silo muuaji mkubwa wa mbao. Kinachoua ni ukavu, na zaidi ni ukavu unaokuja ghafla. Mafuta ya nazi hayazuii hilo, kwa sababu ubao umekosa maji, haukukosa mafuta. Yanabaki juu, yanachacha, yanakusanya vumbi.

Baba aliupokea ufa ule kimya. Kesho yake akachanganya unga wa mbao na gundi, akauziba vizuri sana, huwezi kuuona. Februari ile ile ikaja mvua kubwa, Sydney nzima ikalowa siku kadhaa. Ubao ukavuta unyevu, ukavimba, ukataka kurudi mahali pake, ukakuta pamejaa gundi. Ukapasuka upya, pembeni ya ufa wa kwanza. Sanduku la bibi lina nyufa mbili: moja ya jua, moja yetu wenyewe.

Shangazi wa Ibra

Nilimwambia baba yote haya. Jibu lake mnalijua, wengi wenu mna baba kama huyu: "Umeyasoma kwenye intaneti?"

Basi nikampigia shangazi. Yeye anaishi Ibra, Oman, jangwa liko jirani tu. Familia nyingi za Kizanzibari zilihamia Oman baada ya 1964, na zaidi kuanzia 1970, na masanduku yakaenda nao. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, baba yako kafanya nini tena?" Nikamweleza. Akacheka kwanza. Akasema la kwake lilipasuka kiangazi cha kwanza, na walipofunga kiyoyozi likapasuka tena, kwa sababu kiyoyozi nacho hukausha hewa. Sasa linakaa chumba cha ndani, mbali na dirisha na mbali na kiyoyozi, limefunikwa shuka la pamba.

"Mpe baba yako," akasema. Sikusikia aliyoambiwa. Nilisikia tu upande wetu: "Ndiyo, dada. Ndiyo, dada. Haya, dada."

Tunavyofanya sasa

Kwa wenye vitu vya wazee ndani ya nyumba, hata kama huna duka:

- Nunua kipima unyevu. Ni kidogo, bei nafuu. Makumbusho mengi kwa miaka yalilenga karibu asilimia 50. Sisi tunajaribu tusishuke chini ya 40, na zaidi tunaogopa namba inayoruka kwa siku moja.
- Siku ya upepo wa magharibi, funga mlango. Baba aliona kama dhambi, lakini anafunga.
- Usiegemeze kitu kwenye ukuta wa mabati, hasa unaopigwa na jua la alasiri. Tumejenga chumba kidogo katikati ya ghala, chenye dari na kuta nene. Vitu vya thamani vinakaa humo.
- Funika kwa pamba. Khanga kuukuu inafaa kabisa. Nailoni inaweza kufungia jasho ndani usiku ukipoa.
- Santuri zisimame wima, zisilaliane. Joto huzipinda, na iliyopinda haitibiki kirahisi.
- Mafuta ya nazi yabaki jikoni. Nta kidogo, mara moja moja, inatosha.
- Ukiona ufa, usiuzibe kwa haraka. Uache upite misimu yote kwanza, halafu mwone fundi.
- Kitu kikifika kutoka pwani kwenye kontena, kiache ndani ya vifungashio wiki kadhaa, kisha kifungue kidogo kidogo.

Hilo la mwisho ndilo linaloturudisha kwenye "tak!". Kabati lile lilikuwa limetoka Mombasa, halijamaliza hata wiki. Mteja alikuwa na haraka na bei ilikuwa nzuri, baba akalifungua lote siku moja. Tukiwa tunarekodi, upande mmoja ukachanika mbele yetu. Mteja ameahirisha, na mwezi huu kodi ya ghala tumeilipa kwa kubana.

Sanduku la bibi liko kwenye chumba cha katikati. Nyufa zake mbili ziko wazi, na ule wa kwanza umejifunga kidogo kuliko nilivyotarajia. Kila asubuhi baba anapiga picha ya kipima unyevu na kuituma kwenye kundi la familia, bila maneno, namba tu. Jana 46.

Picha ya kabati hakuituma. Alinitazama tu, maikrofoni bado inarekodi, akasema taratibu, "Hili usimwambie shangazi yako."

Baba, shangazi anasikiliza kila kipindi.