Muhuri na Mamlaka katika Ubia wa Kibiashara Nchini Uchina

Kampuni ya kigeni inayoingia katika ubia nchini Uchina huenda ikadhani kuwa wingi wa kura katika bodi ndio unaoipa mamlaka. Dhana hii hupotosha. Kampuni ya Kichina hutenda kupitia kwa mwakilishi wake wa kisheria, ambaye jina lake husajiliwa serikalini, na aghalabu mikataba yake huthibitishwa kwa muhuri rasmi. Mwenye viwili hivi ndiye aliyeshika mpini.

Mfano bayana ni Arm, kampuni ya Uingereza inayosanifu chipu za simu na kompyuta. Mwaka wa 2018, asilimia 51 ya tawi lake la Uchina iliuzwa kwa wawekezaji walioongozwa na Wachina. Mnamo Juni 2020, bodi ilipiga kura kumwondoa mkuu wa tawi hilo, Allen Wu. Hata hivyo, hakuondoka: yeye ndiye aliyekuwa mwakilishi wa kisheria, na muhuri ulikuwa mikononi mwake. Mzozo uliendelea hadi Aprili 2022, serikali ya Shenzhen iliposajili mwakilishi mpya.

Hivyo basi, suala la nani atahifadhi muhuri, na kwa masharti gani, sharti liamuliwe kabla ya mtaji kutolewa, wala si baada ya ugomvi kuzuka.