Mbwa wa mawindo aanze kazi akiwa na miezi ngapi?

Ndugu yangu mdogo wa kijijini alikuwa na mbwa moja dume, mwekundu, miguu mirefu, kifua kama cha paa. Akiwa na miezi sita alikuwa anapita mbwa wote wa jirani kwa mbio. Watu walimsifu, na ndugu akaanza kumpeleka porini kila asubuhi kufukuza ndezi. Kisha miezi mbili, mguu wa mbele wa kuume ukaanza kupinda. Leo mbwa huyo ana miaka mitatu. Akisikia wenzake wanaenda kuwinda anasimama, anachechemea mpaka kwenye mlango wa lupango, kisha anarudi kulala karibu na jiko.

Wazee walisema amerogwa. Hapana. Alianza kazi mapema, njo vile tu. Na juu wengi kati yetu tuko na familia kijijini zenye zinafuga mbwa, nimeona vizuri nifasirie jambo hili.

Tuanze na mfupa. Mfupa wa mtoto wa mbwa haurefuki fasi yote. Unarefuka karibu na miisho yake, kwenye sehemu laini yenye haijakuwa mfupa kamili. Sehemu hiyo ni zaifu kuliko mfupa wenyewe na kuliko mishipa yenye kuufunga. Mbwa akikata kona kwa mbio ao akiruka mutaro na kuanguka vibaya, pale njo panaumia kwanza. Sasa, chini ya kiwiko cha mbwa kuko mifupa miwili yenye inakomaa pamoja. Moja ikiumia na kuacha kurefuka, ingine inaendelea, na kwa sababu imefungwa na mwenzake haina njia ingine: inapinda. Njo ile ilimpata mbwa wa ndugu yangu. Hakuna dawa ya kupakaa yenye itaunyoosha.

Kwa mbwa wa ukubwa wa kati, sehemu hizo zinafunga karibu zote mbwa akifikia mwaka moja. Mbwa wakubwa sana wanachelewa zaidi, mpaka mwaka moja na nusu. Kwa hiyo urefu wa miguu usikudanganye. Mbwa wa miezi saba anaweza kuonekana mkubwa, lakini ndani angali mtoto.

Kule Uingereza na Ireland kuko mbwa wenye wanaitwa lurcher. Ni mchanganyiko wa mbwa wa mbio, kama greyhound ao whippet, na mbwa wa kazi, mara nyingi mbwa wa kuchunga kondoo. Wanawinda sungura, na wafugaji wao wanabishana sana juu ya swali hili hili. Wengi wenye uzoefu wanangojea mbwa afike karibu mwaka moja mbele ya kumwachilia sungura wa kwanza, na wanangojea tena zaidi kwa kazi ya nguvu. Na hawaogopi miguu tu, wanaogopa pia kichwa. Mbwa mdogo akishindwa kila siku, anajifunza kwamba kukimbiza ni bure, anaacha katikati. Ao anaanza kubweka akikimbia, kwa hasira ya kutofikia, na mbwa mwenye anabweka hivyo anaamsha pori zima. Ukimtuma kila mara pamoja na mbwa mzee, anajifunza kungojea mzee afanye kazi, yeye anafuata nyuma tu.

Sisi pia tuko na mbwa wetu wa sifa. Wazungu walibeba mbwa wa Kongo mpaka Uingereza, na katika miaka ya 1930 wakaanza kumzalisha kule kwa jina la basenji, neno lenye wazee wetu wanalijua kama tusi la wakati wa ukoloni. Mbwa huyo habweki kama wengine, njo maana wawindaji wanamfunga kengele shingoni ili wajue ako wapi. Tusiseme basi kwamba mbwa wetu ni wa bure. Tumpe wakati wa kukomaa.

Lakini kungojea si kukaa bure. Kazi inaanza siku mbwa anaingia nyumbani.

Mpaka miezi mitatu hivi, akili ya mbwa iko wazi kupokea kila kitu. Muonyeshe mbuzi, kuku, watoto, motopompa, pikipiki. Mbwa mwenye alikomaa katikati ya mbuzi bila kuwafukuza hatakuletea kesi. Mnajua wenyewe: mbuzi moja ya jirani ikiuawa, mbwa anapigwa na familia mbili zinaacha kusalimiana.

Kati ya miezi mine na saba anabadilisha meno. Ya utoto ni 28, ya ukubwa ni 42. Mdomo unamuuma, usimpe kitu cha kushindana nacho. Mfundishe jina lake, kuja ukimwita, kutembea na kamba, kuleta kitambaa ukikitupa. Dakika tano ao kumi zinatosha, kisha mwache acheze.

Toka miezi saba mpaka mwaka moja, mtembeze porini kwa kamba. Asikie harufu, aone mbwa mzee anafanya nini, avuke mito midogo. Asifukuze. Njo kipindi kigumu zaidi kwa mwenye mbwa, kwa sababu mbwa anataka na majirani wanakucheka.

Kisha mwaka moja, mwache ajaribu nyama rahisi, asubuhi na mapema wakati kungali baridi, mara moja ao mbili tu, kisha murudi nyumbani. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Anapoa kwa kuhema, na joto linaweza kumuua. Kazi kamili ianze karibu na mwaka moja na nusu.

Chakula nacho ni sehemu ya kazi. Fufu peke yake haijengi mfupa. Ongeza vichwa vya sambaza ao ndagala, vinauzwa bei ndogo. Mpe dawa ya minyoo toka utoto. Munganga wa nyama amchanje ugonjwa wa Carré na, kuanzia miezi mitatu, kichaa cha mbwa. Chanjo hii ya mwisho inalinda pia watoto wako.

Na sheria? Katika inchi yetu uwindaji unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa 5, 1982. Kuwinda kunaomba ruhusa, na ndani ya parke ni marufuku kabisa, na mbwa ao bila mbwa. Mbwa asiyechanjwa anaweza kupeleka magonjwa kwa nyama wa pori: mwaka 1994, ugonjwa wa Carré uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Ndugu yangu ameisha kupata mtoto mwingine wa mbwa, jike. Tarehe ya kuzaliwa ameiandika kwa makala kwenye ukuta wa jikoni, na chini yake anaongeza alama moja kila mwezi. Nilipofika mara ya mwisho alama zilikuwa tisa. Vijana walikuwa wanamuomba wamwazime siku moja tu. Alinyoosha kidole kwenye ukuta, hakusema kitu. Mwekundu alikuwa analala pale chini, mguu wake umepinda, na vijana walielewa.