Mwingiliano wa Protini katika Tundu la Kiini cha Seli: Utambuzi, Kasi na Kapsidi ya VVU

Kiini cha seli kimezungukwa na utando maradufu, na mawasiliano kati yake na saitoplazimu hupitia matundu yaliyojengwa kwa protini ziitwazo nyukleoporini. Aina zake ni kama 30 tu, lakini nakala zake ni nyingi kiasi kwamba tundu moja katika seli ya binadamu huzidi megadaltoni 100. Molekuli ndogo hupenya zenyewe; protini zinazozidi takriban kilodaltoni 40 hupita kwa shida, isipokuwa zinapobebwa.

Hapa ndipo penye utata. Protini bebaji, kwa mfano impotini-beta, haina budi kutambuliwa na tundu, na katika biokemia utambuzi aghalabu huambatana na kushikana kwa nguvu. Kushikana huko kungechelewesha safari, ilhali safari yenyewe huchukua milisekunde chache tu. Ufafanuzi umo katika sehemu za nyukleoporini zisizo na umbo maalumu, ambamo jozi ya asidi amino mbili, fenilalanini na glisini, hujirudia mara nyingi. Kila jozi huigusa protini bebaji kwa udhaifu na kuiachia upesi, huku nyingine ikishika nafasi yake. Wingi wa miguso ndio utambuzi. Udhaifu wa kila mguso ndio unaoruhusu kasi. Iwapo minyororo hiyo huunda jeli au husukasuka kama nywele za brashi, bado ni suala la mabishano. Mwelekeo wa safari hautokani na tundu, jambo ambalo vitabu vya kiada hulipita haraka mno, bali na protini Ran: ikiwa imefungamana na GTP ndani ya kiini, huitenganisha protini bebaji na shehena yake.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa kapsidi ya VVU, yenye upana wa nanomita 60 hivi, huvunjika kabla ya kuingia kiini, kwa kuwa matundu yaliyopimwa nje ya seli yalionekana membamba kuliko hapo. Vipimo ndani ya seli vilionesha matundu mapana zaidi, na mwaka 2021 ilichapishwa taswira ya kapsidi nzima ikiwa ndani ya tundu. Kapsidi ina vishimo vinavyopokea jozi zilezile za fenilalanini na glisini; yaani, hupita kwa kuiga protini bebaji.

Dawa ya lenakapaviri hujishikiza katika kishimo hichohicho. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2024, hakuna aliyeambukizwa kati ya wanawake 2,134 waliopangiwa sindano yake. Hata hivyo, si sahihi kuyahusisha mafanikio hayo na kuzuiwa kwa mpito wa tunduni pekee, kwani dawa hiyo huvuruga pia uthabiti wa kapsidi na uundaji wa virusi vipya.