Simbilisi Darasani: Utunzaji wa Mnyama Kama Somo

Katika ufundishaji wa sayansi shule za msingi, mwalimu hushauriwa kutumia vitu halisi kila vinapopatikana. Mche wa maharage uliooteshwa katika kopo hufundisha ukuaji wa mimea vizuri zaidi kuliko mchoro wa mche ubaoni. Ndivyo ilivyo pia kwa mnyama aliye hai. Hata hivyo, mnyama si mche. Mche ukisahauliwa siku tatu hunyauka, na mbegu nyingine hupandwa. Mnyama akisahauliwa siku tatu huteseka na pengine hufa, na watoto waliokabidhiwa kumtunza hujifunza kwamba uhai wake haukuwa na uzito. Makala hii inakusudia kumweleza mwanachuo namna ya kumtunza simbilisi, shuleni au nyumbani, na kumwonyesha jinsi mahitaji ya mnyama huyo yanavyoweza kumpatia mwalimu masomo ya muhula mzima.

Simbilisi ni mnyama gani

Simbilisi ni mnyama mdogo wa kundi la wagugunaji, kundi ambalo panya na nungunungu pia wamo. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako wenyeji walimfuga kwa kitoweo maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kufika huko na kumpeleka Ulaya katika karne ya 16. Katika Tanzania hufugwa hasa katika nyanda za juu kusini, kama vile Iringa na Njombe, na mara nyingi huachwa atembee jikoni. Hufugwa pia Kivu, mashariki ya Kongo. Mkubwa aliyetunzwa vizuri huwa na uzito wa gramu 700 hadi 1,200, na aghalabu huishi miaka 5 hadi 8.

Mnyama huyu anafaa shuleni kwa sababu kadhaa. Hushughulika mchana, wakati watoto wapo. Hawezi kuruka juu wala kupanda ukuta. Ni mpole, na akizoeshwa haumi ovyo. Chakula chake kikuu ni majani, ambayo hayahitaji fedha nyingi. Sauti yake nayo ni somo: akizoea kulishwa na mtu, hupiga mluzi asikiapo nyayo za mtu huyo. Watoto waulizwe: amejuaje kwamba chakula kinakuja?

Mwalimu asianze kwa kueleza. Awaache wanafunzi watazame kwanza, kisha aulize. Ana vidole vingapi? Watakaohesabu kwa makini watapata vinne katika kila mguu wa mbele na vitatu katika kila mguu wa nyuma. Mkia wake uko wapi? Hawatauona. Meno yake ya mbele yana umbo gani, na kwa nini anatafuna kijiti kisicho chakula? Meno hayo hayaachi kukua maisha yake yote, hivyo ni lazima yasagike kila siku. Mtoto aliyegundua jambo kwa macho yake mwenyewe hulishika kuliko aliyeambiwa.

Banda

Simbilisi ni mnyama wa kundi. Akiwekwa peke yake hunyong'onyea. Yafaa kuanza na majike wawili. Sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 40 linawatosha. Sakafu iwe ya mbao, si ya wavu, kwa kuwa wavu huumiza nyayo. Itandikwe nyasi kavu, na nyasi zilizolowa zitolewe kila siku. Pawe na kisanduku cha kujifichia chenye milango miwili. Juu pawekwe wavu imara wa kuwazuia paka, mbwa na nyoka.

Joto ni adui mkubwa wa simbilisi kuliko baridi ya kiasi. Banda lisiwekwe juani wala chini ya bati lisilo na dari. Katika mikoa ya pwani litafutiwe mahali penye kivuli na upepo, na mchana wa joto kali mnyama achunguzwe mara kwa mara. Banda lenye unyevu nalo huleta maradhi ya mapafu.

Chakula, na jambo la kiseyeye

Nyasi ziwepo bandani usiku na mchana, mbichi au kavu. Majani ya mabingobingo na matembele hupatikana sehemu nyingi. Majani yakung'utwe umande kabla ya kupewa. Pumba kidogo huongeza nguvu, lakini zisichukue nafasi ya majani. Maji safi yawepo daima katika chombo kizito kisichopinduka. Mnyama asipewe majani ya nyanya, ya viazi mviringo, ya parachichi, wala kisamvu kibichi, kwani yana sumu.

Hapa pana jambo ambalo kila mwalimu hana budi kulifahamu. Wanyama wengi hutengeneza vitamini C ndani ya miili yao. Mbuzi huitengeneza, mbwa pia, na panya vilevile. Simbilisi hawezi, na binadamu pia hawezi. Sote wawili ni lazima tuipate katika chakula, kila siku, maana mwili hauwezi kuiweka akiba kwa muda mrefu. Simbilisi akinyimwa majani mabichi na kulishwa pumba au nafaka tupu, kwa muda wa majuma machache hupatwa na kiseyeye: manyoya hukosa mng'ao, viungo huvimba na kuuma, fizi hutoka damu, hushindwa kutembea, na mwisho hufa.

Jambo hili ndilo lililowawezesha Axel Holst na Theodor Frølich, wataalamu wa Norway, kuonyesha mwaka 1907 kwamba kiseyeye ni ugonjwa wa upungufu katika chakula. Waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakaugua maradhi yaliyofanana na yale yaliyowaua mabaharia. Walipowapa kabichi na ndimu, maradhi yalizuilika. Lau wangemtumia panya, wasingeona kitu.

Mwalimu mwenye ari anaweza kushawishika kulirudia jaribio hilo mbele ya darasa. Asifanye hivyo. Jibu limekwisha kujulikana, na mnyama wa shule hawezi kuteswa ili kuthibitisha lililo wazi. Njia iliyo bora ni kuwapa wanafunzi kazi ya kuchunguza milo miwili: mlo wa simbilisi na mlo wao wenyewe. Waorodheshe walichokula kwa juma zima. Vitamini C imetoka wapi? Mapera, machungwa, mapapai na pilipili hoho yanayo kwa wingi. Kwa nini mboga iliyochemshwa muda mrefu ina kidogo? Mtoto atakayekumbuka kumletea simbilisi majani mabichi kila asubuhi, akijua sababu yake, atakuwa amefahamu sura ya lishe asiyoweza kuifahamu kwa kunakili ubaoni.

Uzazi

Dume na jike wakikaa pamoja, mimba huchukua siku 68 hivi. Jike huzaa watoto 2 hadi 4 kwa kawaida. Huzaliwa na manyoya, macho yamefumbuka, meno yameota, na katika siku za mwanzo tu huanza kuonja majani, ingawa hunyonya kwa muda wa majuma matatu. Walinganishwe na watoto wa panya, ambao mimba yao ni ya majuma matatu tu, nao huzaliwa uchi na vipofu. Wanafunzi waulizwe: yupi alikaa tumboni zaidi, na amepata faida gani? Kwa swali hilo somo la uzazi huwa somo la kufikiri.

Madume wachanga watengwe wakifika majuma matatu, kwani wote hupevuka mapema mno. Shule isiyo na nafasi ya banda la pili isichanganye dume na jike hata kidogo.

Kushika, usafi na afya

Mtoto aketi chini kabla ya kumshika simbilisi. Mkono mmoja upite chini ya kifua, wa pili ubebe makalio. Akianguka kutoka kimo cha meza huweza kuvunjika mgongo. Baada ya kumshika, mikono ioshwe kwa sabuni. Mnyama mwenye mabaka yasiyo na manyoya atengwe, kwa sababu choa huambukiza watoto. Asipewe dawa za binadamu: penisilini ya kumeza, iliyo dawa kwetu, huweza kumwua. Mnyama aliyeacha kula kwa siku moja ni mgonjwa, na aonwe na bwana mifugo bila kukawia.

Kila Jumatatu apimwe uzito, na namba iandikwe katika daftari la banda. Kwa muda wa muhula darasa litapata takwimu za kuchorea grafu, na uzito ukishuka mwalimu ataonywa mapema kabla dalili nyingine hazijaonekana.

Zamu na likizo

Katika mazoezi ya kufundisha, wanachuo wengi humleta mnyama kwa kipindi kimoja, watoto wakamchora, kisha akasahauliwa kwenye kona ya stoo. Banda lisilo na zamu iliyoandikwa halifai kuwa na mnyama. Zamu iwe ya watoto wawili wawili kwa juma zima, wavulana na wasichana kwa usawa, na iguse Jumamosi na Jumapili. Likizo ipangwe kabla mnyama hajafika: atakwenda nyumbani kwa nani, na mzazi amekubali? Mwalimu mwenyewe awe wa mwisho katika orodha, yaani aliye tayari iwapo wengine wote watashindwa.

Lipo na suala la nyama. Katika baadhi ya sehemu simbilisi ni kitoweo, na katika nyingine watu humwona kama panya na kumchukia. Mwalimu asikejeli upande wowote. Lakini aamue na kutangaza tangu mwanzo iwapo wanyama hawa ni wa kutazamwa au wa kuliwa. Mtoto aliyempa mnyama jina na kumlisha muhula mzima, kisha akakuta banda tupu bila kuambiwa, hatamwamini tena mwalimu wake kwa urahisi.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika andalio la somo la kwanza, mwanachuo ajiulize mambo manne. Je, banda liko tayari na lina kivuli? Majani mabichi yatatoka wapi wakati wa kiangazi? Nani atalisha Jumapili? Mnyama atakwenda wapi shule ikifungwa? Akikosa jibu la swali moja, afundishe kwa mche wa maharage mpaka alipate.