Zawadi ya mwisho wa staji: ngoja pointi kwanza

Wadogo wanaomaliza staji ya uuguzi hapa Kolwezi wananiulizaka: "Yaya, nimpe nini mama aliyenifundisha kazi?" Mimi ni mtu wa agronomia, lakini shambani ao hospitalini jibu ni moja.

Kwanza, ngoja asaini pointi zako. Ukitoa kitu mbele ya pointi, watu watakiita matabishi, na jina lake ndilo litachafuka.

Pili, changeni kikundi chote, mununue kitu cha kazi: saa ya kubana kifuani, yenye mshale wa sekunde. Muuguzi anahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 60, na saa ya mkononi inabeba vijidudu toka mgonjwa mpaka mgonjwa.

Tatu, andikeni barua fupi. Mutaje kitu kimoja alichowafundisha. Hiyo ndiyo ataitunza.